Gari inayopona ikimwona fundi

Kuna mlima karibu na Ole, kisiwani Pemba, ukitokea Konde kuja Chake, ambao naujua jiwe kwa jiwe. Nimeukalia mara tatu ndani ya mwezi mmoja, nyuma nina madeli manne ya samaki wa Tumbe, jua la saa saba liko utosini, na mimi nimetega sikio nasikiliza barafu. Barafu ikiyeyuka ndani ya deli husikika. Mwanzo vipande vinaporomoka kimoja kimoja, halafu kimya, halafu ukitikisa deli unasikia maji. Ukishasikia maji, anza kupunguza bei.

Gari yenyewe ni ya Kijapani, ya mwaka 1998, ya petroli, ile mitindo ya mgongo mrefu. Kiti cha nyuma nilikitoa siku nyingi, nikatandika mkeka wa mpira ili madeli yakae vizuri. Ukumbuke huo mkeka.

Maradhi yake yalikuwa haya. Alfajiri inawaka kwa kuguswa tu, inakwenda mpaka Tumbe haina neno. Mchana nikirudi nimepakia, ikifika milimani inaanza kukosa nguvu. Nakanyaga mafuta, haiitiki. Inasitasita, inakohoa mara mbili tatu, inazima. Stata inapiga vizuri, betri nzima, injini inazunguka lakini haishiki. Nikikaa nusu saa, na siku ya jua kali hata saa nzima, napiga stata inawaka kama si ile. Inateremka mpaka Chake, inaingia kwa fundi inanguruma kwa raha.

Fundi anafungua boneti, anasikiliza, anavuta waya wa mafuta mara mbili, anafunga boneti.

"Gari yako nzima, sheikh."

Simlaumu. Mgonjwa aliyefika hospitali akicheka utamtibu nini? Mimi ndiye niliyeng'ang'ania kibadilishwe kitu, kwa sababu nimepoteza siku na samaki, na mtu aliyepoteza hataki kurudi mikono mitupu. Tukabadilisha plagi zote nne. Halafu chujio la hewa. Halafu chujio la petroli. Halafu koili ya moto wa plagi, ya mtumba. Na kila kitu tulichobadilisha kilionekana kimetibu, maana gari haikuwa inazima kila siku. Zikipita siku nne salama nasema alhamdulillahi, kumbe ilikuwa koili. Siku ya tano niko Ole.

Jirani yangu mmoja, ana gari ya Kijapani pia ila ya miaka ya karibuni, akanifundisha kipimo chake. Fungua swichi bila kupiga stata, kisha sikiliza kwenye tangi. Pampu nzima itavuma sekunde mbili hivi, halafu inyamaze. Tukajaribu kwake, ikavuma. Tukaja kwangu, kimya. Akanipa pole kama mtu aliyefiwa. "Pampu imekufa, usijisumbue."

Nilikaribia kuagiza siku ile ile. Baadaye ndipo nikajua kwamba gari nyingi za zamani za aina yangu hazivumi ukifungua swichi. Pampu hupata umeme stata inapozunguka, na injini ikishashika huendelea kuupata. Injini ikizima, umeme wa pampu unakatika wenyewe, na hilo limekusudiwa, ili gari ikipata ajali pampu isiendelee kumwaga petroli. Kwa hiyo kimya kile kilikuwa cha haki yake. Ningenunua pampu siku ile ningekuwa nimepatia kwa kubahatisha, na bado gari ingenisumbua mlimani, na mimi ningelia kwamba nimeuziwa pampu mbovu.

Mwezi uliofuata ulikuwa wa kigongo. Nimekwama, akapita kijana wa bodaboda, akasimama bila kuzima pikipiki yake. "Ami, lipige tangi." Nikadhani ananikebehi. Akashuka, akaokota kipande cha tawi, akainama chini ya gari, akagonga tangi, ko ko ko. "Piga stata." Ikashika.

Tangu siku hiyo nikawa na kigongo changu, cha mti wa mkarafuu, kimekaa chini ya kiti cha dereva. Ulikuwa msimu, majamvi ya karafuu yametandazwa ukingoni mwa barabara kote huko, na wanawake wanaozigeuza juani walishanizoea. Wakiniona nateremka na kigongo wanacheka kabla sijafika nyuma ya gari. Mmoja aliniuliza kama na nyumbani ndivyo ninavyofanya.

Nilijiona nimeshapata jibu. Tangi ndani yake muna pampu, nagonga, gari inawaka, basi mbovu ni pampu. Nikawa naahirisha kuinunua tu, maana kigongo hakina gharama.

Mtoto wa dada yangu wakati huo alikuwa anasoma umeme kituo cha mafunzo ya amali, Vitongoji. Umeme wa majumba, si wa magari. Alikuja kwetu siku ya Ijumaa, akanikuta nasimulia habari za kigongo kwa madaha. Akaniacha nikamaliza.

"Mjomba, ukigonga pale unatikisa nini?"

"Pampu."

"Na soketi ya pampu haitikisiki? Na waya zake? Na ethi, waya unaorudisha umeme kwenye bati?"

Nikasema huenda na hizo pia.

"Basi kigongo kimekwambia nini?"

Dada yangu akamkemea kwa kumsemesha mjomba wake vile. Nikamwambia mwache. Miezi miwili nagonga tangi na swali hilo halikunijia.

Kesho yake asubuhi akaja na mita yake, ile ndogo ya manjano ya bei rahisi. Akanambia nitoe mkeka wa mpira. Sijawahi kuutoa tangu nilipoutandika. Chini yake mlikuwa na maji. Maji ya barafu, yenye chumvi na magamba na harufu ambayo siielezi hapa, watu wengine wanasoma wakila. Kila deli lilikuwa linavuja kidogo, na kidogo hicho kwa miaka mitatu kilikuwa kinatafuta njia chini ya mkeka. Kifuniko cha bati cha juu ya tangi, ambacho ukikifungua unaikuta soketi ya pampu, skrubu zake zilikuwa zimegeuka uji wa kutu. Tulizifungua kwa plaizi, na moja ilikatika.

Kabla ya yote alifungua milango yote minne na mlango wa nyuma, tukaacha upepo upite. Pale unacheza na waya juu ya tangi la petroli, na mvuke wa petroli hauna haja ya moto mkubwa.

Kisha tukaenda mbele. Chini ya boneti gari yangu ina kikasha kidogo cheusi cha plastiki cha kupimia gari, kimeandikwa DIAGNOSIS juu yake, na ukikifungua kifuniko kwa ndani utaona herufi za kila tundu. Alitafuta mbili, FP ya pampu na +B ya umeme wa betri. Akaziunganisha kwa kipande cha waya, swichi iko wazi, injini imezimwa. Nyuma tangi likavuma. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia pampu yangu. Sauti yake ilikuwa ya kuchoka, kama nyuki ndani ya chupa.

Akapima betri wakati pampu inazunguka: volti 12.5. Akaja nyuma akapima kwenye soketi ya pampu, bila kuichomoa, ncha za mita amezipenyeza kwa nyuma ya waya: 10.4.

"Volti mbili zimepotea njiani," alisema. "Tuzitafute."

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo nilipojifunza kitu. Fundi angeigusa soketi ile kwa taa ya testa angeichomoa kwanza, taa ingewaka, angesema umeme upo. Na umeme ungekuwepo kweli. Ni kama mpira wa maji uliokunjika mahali. Ukiziba mdomo wake kwa kidole utaona presha ipo, inakusukuma. Ondoa kidole, maji yanatoka kama machozi. Waya mbovu hauonekani mpaka kitu kivute umeme kupitia kwake. Ndiyo maana mpwa wangu alipima pampu ikiwa inazunguka na soketi iko mahali pake.

Alitumia waya mrefu. Kutoka chanya ya betri mpaka chanya ya pampu, mita ilisoma 0.2, si kitu. Kutoka hasi ya betri mpaka ethi ya pampu, 1.9. Ndizo hizo. Upande wa umeme unaokwenda ulikuwa mzima, unaorudi ndio umebanwa. Tukaufuata waya mweupe wenye mstari mweusi chini ya zulia mpaka kwenye nati moja karibu na gurudumu la kushoto, imefungwa kwenye bati la gari. Kuiita nati ni heshima. Lilikuwa donge la kijani na kahawia, unga wake unabaki kidoleni. Maji ya samaki yalikuwa yanaishia hapo hasa.

Tukapiga msasa mpaka bati likang'aa, nati mpya, washa mpya, grisi juu yake. Tukapima tena. Soketini 12.1. Na pampu ikabadilisha sauti, ikapanda, kama mtu aliyeondolewa mkono shingoni.

Wiki mbili nilipita mlima wa Ole kwa gia ya tatu. Nikamletea mpwa wangu nguru mzima, nikamwambia kila mtu Tumbe kwamba haikuwa pampu, ilikuwa ethi, na kwamba mafundi wote hawajui kitu. Nimeshaomba radhi kwa neno hilo.

Siku ya kumi na tano ikazima.

Ila safari hii haikukohoa. Haikukosa nguvu wala kusitasita. Ilikata, kama taa. Nilichukua kigongo, nikagonga, ikawaka, nikafika Chake nimenuna. Nikampigia simu mpwa wangu nikamwambia dawa yako imekwisha nguvu.

"Mjomba, imezima vipi?"

Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akasema hayo ni maradhi mawili, moja tumelitoa, sasa la pili limebaki peke yake. Kukosa nguvu mlimani kulikuwa kwa ethi. Pampu inapewa volti kumi, inazunguka pole, na mlimani injini inataka petroli nyingi kuliko pampu inavyoweza kusukuma. Kukata ghafla ni kitu kingine. "Tuipime ikiwa imekufa. Usiigonge."

Kumbe kuisubiri gari izime ni kazi. Alikwenda nami Tumbe Jumamosi nne, mita iko ndani ya mkoba wa madaftari, nyaya mbili tumezivuta mapema kutoka kwenye pampu mpaka mbele. Safari tatu haikuzima, na nilianza kuiombea mabaya. Ya nne nilikuwa na petroli kidogo, taa ya tangi inawaka. Karibu na Ole, jua kali, ikakata.

Mkono wangu ulikuwa umeshakwenda chini ya kiti. "Mjomba!" Nikauacha.

Akaunganisha FP na +B. Nyuma kimya. Akasoma mita: 12.0, mpaka mlangoni mwa pampu. Umeme umefika, na pampu haizunguki. Mzee mmoja akaja kutazama, sigara mdomoni. Mpwa wangu akamwamkia shikamoo kwanza, halafu akamwomba, "Babu, samahani, hapa pana petroli wazi." Mzee akaizima kwa kisigino na akabaki, na yeye ndiye aliyetushikia mwavuli.

Kisha mpwa wangu akaondoa ule waya wa mbele, akachomoa soketi, akaigeuza mita ipime njia ya umeme ndani ya pampu yenyewe. Mita ile ikikosa njia huandika 1 peke yake upande wa kushoto. Ikaandika 1. Akaigeuza ncha, 1. Pampu ni mota. Ndani yake muna waya wa shaba mwanzo mpaka mwisho, na ikiwa nzima mita isome kitu kidogo, omu moja au mbili. Hapa palikuwa na mwanya mtupu.

"Sasa gonga."

Niligonga mara moja tu. Kwenye kioo cha mita ile 1 ikaruka, ikaja 4, ikatulia 1.3. Soketi iko mkononi mwake, haikuunganishwa na chochote. Kigongo hakikuwa na kitu kingine cha kutikisa.

Yule babu alisema "Mtume!" na mimi sikuwa na la kuongeza.

Vitabu vya ufundi vinasema hakimu wa pampu ni geji ya presha, na ni kweli. Gari za injekta kama hii zinataka kama baa 3, tofauti kabisa na zile za kabureta ambazo kisukumio kidogo kilikuwa kinatosha. Ukiwa nayo geji, anza nayo. Sisi hatukuwa nayo, na kwa pampu inayokufa na kufufuka mita ilitosha.

Pampu mpya ilinunuliwa Unguja, ikaja kwa boti mpaka Mkoani ndani ya mfuko wa mtu ninayemwamini. Nilinunua pampu peke yake na kile kichujio cha kitambaa kinachokaa chini yake, si mkungu mzima wa vifaa vinavyokaa nayo tangini. Tuliifunga uwanjani chini ya mwembe, hasi ya betri imetolewa. Kabla ya hapo tuliwasha gari tukachomoa fyuzi ya pampu tukaiacha izime yenyewe, ili presha iishe kwenye mipira. Usipofanya hivyo petroli itakuruka usoni. Kichujio cha zamani kilitoka rangi ya udongo wa Micheweni.

Ile ya zamani niliiacha juani siku nne mpaka ikakauka kabisa, nikaikata kwa msumeno wa chuma. Nilitaka kuiona. Ndani muna kaboni mbili zinazosukumwa na springi kugusa kichwa cha mota. Moja ilibaki kama nusu ya kidole cha mtoto mchanga. Ya pili ilikuwa punje ya mchele, imekaa upande, springi imefika mwisho wake na haina tena cha kusukuma. Kichwa cha mota kilikuwa cheusi, kimechimbika mtaro. Ikipata joto, ile punje inaacha kugusa. Ikipoa au ikigongwa, inagusa.

Na joto nilikuwa naliweka mwenyewe. Petroli inapita katikati ya pampu na ndiyo inayoipoza. Tangi likiwa na mafuta mengi pampu imezama. Likiwa na kidogo iko uchi, na mlimani hicho kidogo kinakimbilia upande mmoja inabaki inanyonya hewa. Mimi nilikuwa mtu wa lita tano. Kila mwezi ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za maji na nishati Zanzibar, ikitangaza bei ya mafuta mimi napiga hesabu ya leo tu, natia ya kwenda na kurudi, taa ya tangi inawaka toka Konde. Sasa nikifika nusu natia. Inauma siku ya kutia, ila naona ni nafuu kuliko koili ya mtumba ambayo mpaka leo iko kabatini, nzima, haijapata wa kuihitaji.

Madeli nimeyawekea sinia la bati lenye mdomo, maji yanatoka kwa mpira mpaka nje. Mkeka wa mpira nimeutupa. Kigongo alikichukua dada yangu, anakitumia kwenye kinu.

Mpwa wangu amemaliza masomo, yuko Unguja. Aliniachia ile mita na kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono wake, nimekibandika nyuma ya kikinga jua: *ethi ya pampu, pampu ikizunguka, isizidi 0.3.* Baada ya masika nilipima nikapata 0.2. Juzi nimepima, 0.5. Msasa uko juu ya meza.